HASHI, 1986–2026: Kumbukumbu ya Miaka Arobaini kwa Maafisa Ugani wa Shinyanga na Geita

Januari Shinyanga si mwezi wa kupumzika. Mahindi na mtama viko kwenye palizi, majaruba ya mpunga yanashika maji, na ng'ombe wanazuiwa wasiingie ngitili. Afisa ugani anayeripoti kituo kipya mwaka huu, awe Kishapu, Msalala, Bukombe au Mbogwe, atazikuta ngitili hizo na kudhani zimekuwepo siku zote: eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, likafunguliwa Julai au Agosti mabua ya mashambani yanapokwisha. Desturi ni ya zamani kweli. Ngitili zenyewe, hizi anazoziona, nyingi hazijafikisha umri wa kustaafu. Mwaka 1986 mkoa mzima ulikuwa na hekta 600 hivi tu za ngitili zilizojulikana.

Waliozirudisha ni wakulima na wafugaji. Taasisi iliyokaa nao, ikawapa mafunzo na miche na kuwasemea serikalini, iliitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, au HASHI kama kila mtu alivyoizoea. Kumbukumbu hii ya miaka 40 inaandikwa kwa ajili ya watumishi wa ugani, kwa sababu ndani yake kuna mambo ya kazi yetu ambayo hayamo kwenye miongozo.

Kabla ya 1986: jinsi miti ilivyokwisha

Mkoa huu haukuanza ukiwa mkavu. Magharibi, kuelekea Kahama na Bukombe, kulikuwa na miombo. Mashariki kulikuwa na migunga. Mwaka 1922 ugonjwa wa malale ulibainika Maswa, na serikali ya Waingereza ikatangaza vita na mbung'o. Aliyeiongoza vita hiyo, C. F. M. Swynnerton, aliweka makao ya utafiti wa mbung'o Shinyanga na kuuongoza hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Silaha zilikuwa moto na shoka: ondoa kichaka, mbung'o akose kivuli. Machifu waliwaita watu wao, nao wakajitokeza kwa maelfu kufyeka kwa pamoja. Mbung'o alirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikapata mashamba. Kwa vipimo vya wakati ule, huo ulikuwa ugani uliofanikiwa sana, na ni vizuri tukumbuke hivyo kila tunapopima mafanikio yetu wenyewe kwa msimu mmoja au miwili.

Kufikia miaka ya 1940 wataalamu walikuwa wanaona upande wa pili wa ushindi huo. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza 1947, makao yake Malya, ulisema kwamba watu na mifugo vimeizidi ardhi, na katika hilo haukukosea. Dawa zake zilikuwa matuta ya kuzuia mmomonyoko, kupunguza mifugo, na kufungua Geita ili watu wahamie huko. Geita watu walihamia kwa hiari yao, kwani ardhi ilikuwa mpya na yenye rutuba. Amri ndizo hawakuzitaka. Manung'uniko dhidi ya kanuni za kilimo na mifugo yalichanganyika na harakati za uhuru, na mwaka 1958 wananchi wa Geita waliandamana hadi Mwanza kulipinga baraza la wilaya la watu wa rangi mbalimbali. Afisa anayeshangaa kwa nini mzee wa Kisukuma humsikiliza kwa adabu zote, akamshukuru, kisha akaenda kufanya lake, aanze kwa kuisoma habari hiyo ya Geita.

Baada ya uhuru ikaja Operesheni Vijiji ya 1974 na 1975. Shule na zahanati zilisogea karibu na watu, na hilo halina ubishi. Ila ngitili ilikuwa mali ya kaya, nayo ilikuwa jirani na mji wa mwenyewe ili aweze kuilinda. Kaya ilipohamishwa, ngitili ilibaki bila mwenyewe. Aliyepita na mifugo aliilisha, aliyehitaji nguzo alikata. Huku nyuma pamba iliendelea kula mapori, na idadi ya mifugo haikupungua. Miaka kumi baadaye kulikuwa na vijiji vinavyopikia mabua ya pamba na samadi iliyokauka, samadi ile ile ambayo ingepaswa kwenda shambani.

1986–1990: vitalu

Mwalimu Nyerere aliuona mkoa huu katikati ya miaka ya 1980 na kuuita Jangwa la Tanzania. Kauli iliwauma watu wa Shinyanga, na huenda iliharakisha mambo kuliko ripoti zote. HASHI ilizinduliwa mwaka 1986 kama mradi wa serikali chini ya wizara yenye dhamana ya maliasili, na Norway, kupitia shirika lake la maendeleo NORAD, ikawa mfadhili wake mkuu. Mkoa wa Shinyanga wa siku zile ulikuwa na takriban kilomita za mraba 50,000. Ulichukua pia Bariadi, Maswa na Meatu, ambazo leo ziko Simiyu, na Bukombe, ambayo leo iko Geita.

Mwanzoni mradi ulifanya kile ambacho kila mradi wa misitu ulikuwa unakifanya. Ukaanzisha vitalu, ukaotesha miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, ukahimiza watu wapande. Mvua ya mkoa huu ni kati ya milimita 600 na 800 kwa mwaka, tena inakuja kwa msimu mmoja na kiangazi chake ni kirefu. Mche uliopandwa Desemba ukisalimika na mchwa, bado una miezi mitano ya jua kali na mbuzi wenye njaa. Mti wa serikali uliopandwa kwenye ardhi isiyo na mwenyewe hakuna mtu aliyeamka usiku kwenda kuulinda. Vitalu havikuwa upotevu mtupu, kwa maana miti ya kivuli na matunda majumbani mingi ilitoka huko, lakini kwa kasi ile mkoa wa ukubwa huu usingefunikwa hata kwa karne.

Kugeuka: maafisa wanauliza

Hapa ndipo HASHI ilipojipatia nafasi yake katika historia ya ugani nchini, na hapa ningependa msomaji akae kidogo.

Maafisa wa mradi walianza kwenda vijijini na maswali badala ya miche. Walichora ramani za kijiji chini kwenye vumbi pamoja na wenyeji: mlima wa mawe uko wapi, wapi ni luseni, udongo wa kichanga unaofaa viazi na mihogo, wapi ni itogolo, ule mgumu unaotuamisha maji, wapi ni mbuga, udongo mweusi wa pamba, mpunga na dengu. Kisha wakauliza zamani malisho ya kiangazi yalitoka wapi. Wazee wakaeleza ngitili.

Ubora wake kiufundi ni kwamba haihitaji mche. Chini ya ardhi iliyoonekana imekufa, visiki na mizizi ya migunga na miti ya miombo vilikuwa bado hai. Kilichovizuia kuinuka ni kulishwa na kukatwa kila mwaka. Eneo likifungwa, nyasi ndizo zinazotangulia, na msimu wa kwanza au wa pili tayari kuna malisho ya ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai wa kulimia. Machipukizi yanafuata. Mwenye ngitili anayachagua, anayapunguza, anaacha yaliyonyooka. Baada ya miaka michache anapata fito, kuni na majani ya kuezekea. Akivumilia zaidi anapata nguzo, dawa za miti, uyoga na mahali pa kutundika mizinga. Faida ya kwanza inaonekana mapema, nayo ni malisho, kitu ambacho mfugaji anakipenda kuliko mti. Sijui mradi wa upandaji miti unaoweza kushindana na hesabu hiyo.

Upande wa pili wa ngitili ni ulinzi wake, na huo haukuletwa na wizara. Dagashida, mkutano wa jadi wa jamii, ilikuwa bado inaamua mambo. Sungusungu, waliojitokeza Kahama na maeneo ya jirani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, walikuwa na nidhamu na mbiu inayosikika usiku. Kwa hiyo sheria ya ngitili ilipata askari bila gharama ya serikali. Ng'ombe wakikutwa ndani ya ngitili ya mwenzio mwezi Februari, mwenye ng'ombe anafikishwa mbele ya wenzake, anasikilizwa, na akipatikana na kosa analipa faini. Anayekataa kulipa hapelekwi mbali. Anatengwa: hakuna wa kumkopesha jembe wala wa kumsaidia msibani. Mradi ulichofanya ni kusaidia vijiji kuziandika kanuni hizo na kuzipitisha kama sheria ndogo, ili hakimu wa mahakama ya mwanzo naye azitambue.

Ngitili zikawa za aina mbili. Nyingi mno ni za kaya. Chache ni za jumuiya: za kijiji, za shule, za vikundi. Fedha za ngitili za jumuiya zilisaidia kujenga madarasa, ofisi za vijiji na zahanati, na ndizo zilizowashawishi viongozi wa vijiji jirani kuliko semina yoyote.

1991–2003: utafiti unaungana na ugani

Mwaka 1991 Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo Mseto, ICRAF, chenye makao Nairobi, kiliungana na HASHI. Majaribio yakafunguliwa Lubaga, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Miongoni mwa yaliyotoka huko ni shamba la miti la mzunguko, ambalo vijana wengi wa ugani leo wanalifundisha bila kujua lilipojaribiwa. Mkulima anapanda mahindi na miti kwa pamoja. Kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo anavuna mahindi kama kawaida, na palizi ya mahindi ndiyo palizi ya miti. Kivuli kikishazidi anaacha kulima, miti inajikuza yenyewe, na mwaka wa tano hivi anaivuna kwa kuni na nguzo, kisha anarudi kulima mahindi katikati ya visiki juu ya udongo uliopumzika.

Huduma nyingine zilikuwa mafunzo ya wakulima, vitalu vidogo vya shule, vikundi na watu binafsi, kilimo cha kufuata kontua, malisho ya miti, majiko banifu na ziara za wakulima kwa wakulima. Elimu ilipelekwa kwa michezo ya kuigiza, ngoma, video na jarida. Wasukuma ni watu wa ngoma na mashindano, na mradi ulikuwa na busara ya kutosha kutodhani kwamba kipeperushi kinatosha.

Kiuongozi, taasisi ilipita awamu tatu. Awamu ya kwanza ilikuwa ya meneja wa mradi na wataalamu wake wa misitu. Ya pili iliweka mtafiti na afisa ugani meza moja, jambo ambalo kwenye vituo vyetu vingi bado ni ndoto. Ya tatu ilikuwa ya kukabidhi: maafisa wa maliasili, kilimo, mifugo na maendeleo ya jamii wa halmashauri wakachukua kazi za kila siku, wakifanya kazi na watendaji na serikali za vijiji. Sera na sheria nazo zilikuwa zinaelekea huko huko. Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 ziliipa jamii nafasi ya kumiliki na kusimamia misitu yake, kitu ambacho mwenye ngitili wa Shinyanga alikuwa anakifanya tayari.

Hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1922 | Malale yabainika Maswa. Ufyekaji wa vichaka dhidi ya mbung'o wafuata |
| 1947 | Mpango wa Maendeleo ya Usukuma waanza, makao Malya |
| 1974–1975 | Operesheni Vijiji. Ngitili nyingi zaachwa |
| 1986 | HASHI yazinduliwa |
| 1991 | ICRAF yajiunga. Utafiti wa kilimo mseto Lubaga |
| 1998 | Sera ya Taifa ya Misitu |
| 1999 | Sheria ya Ardhi ya Vijiji |
| 2000 | Uchunguzi wa vijiji 172 wakuta ngitili 18,607, jumla ya hekta 78,122 hivi |
| 2002 | Sheria ya Misitu |
| 2004 | HASHI yafikia mwisho. Kituo chake, kwa jina jipya la NAFRAC, chaendeleza kazi |
| 2005 | Ripoti ya tathmini ya faida za ngitili yachapishwa |
| 2012 | Mikoa ya Geita na Simiyu yaanzishwa |

Mstari wa mwaka 2000 unastahili neno la ziada. Kati ya ngitili hizo 18,607, za jumuiya zilikuwa 284 tu. Mara nyingi tunaposimulia habari za Shinyanga kwa wageni tunasema "jamii ilirudisha misitu", na ni kweli, ila jamii hiyo ilikuwa kaya moja moja, kila moja na mpaka wake na jirani wa kumkubalia mpaka huo.

2004–2005: hesabu

Mradi ulipofikia mwisho, wizara pamoja na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, waliunda kikosi cha kupima kilichopatikana. Kilikuwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na ripoti yake ya 2005 ilibeba majina ya maprofesa Gerald Monela na Shabani Chamshama wa chuo hicho. Walikadiria kuwa ngitili zilikuwa zimefikia hekta 350,000 au zaidi, katika vijiji 833. Thamani ya mazao yake waliikadiria kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati ambapo matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50. Mwanamke aliyekuwa anatafuta kuni mbali aliokoa saa mbili hadi sita kwa siku. Aina za miti, vichaka na mimea itambaayo zilizohesabiwa zilikuwa 152, na za ndege 145.

Ripoti hiyo haikuwa ya kupiga makofi tu. Ilionyesha kuwa mwenye ardhi nyingi na ng'ombe wengi ndiye mwenye ngitili kubwa, na maskini anabaki kununua au kuomba. Ilionyesha pia kwamba wanyama waliorudi pamoja na miti hawakuja na adabu: mazao na mifugo ya watu vilianza kuliwa. Kwenye vijitabu vya maadhimisho mambo haya huwa yanaachwa. Nimeyaweka kwa sababu afisa anayekwenda kijijini mwaka huu atayakuta.

Baada ya mradi

Kituo cha Shinyanga kiliendelea kwa jina jipya, NAFRAC, kikiwa kituo cha serikali cha usimamizi wa misitu ya asili na kilimo mseto. Miaka michache baadaye ngitili ziliingia kwenye majaribio ya biashara ya hewa ukaa: shirika la TaTEDO, likishirikiana na ICRAF na NAFRAC kwa fedha za Norway, lilifanya kazi na vikundi vya wenye ngitili katika wilaya za Kahama na Shinyanga Vijijini. Fedha za hewa ukaa hazikuwa mto wa asali kama baadhi walivyotarajia. Vikundi vilivyojifunza kupima miti yao na kuweka kumbukumbu, hata hivyo, vilibaki na ujuzi huo.

Ukanda wa dhahabu

Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Migodi mikubwa ina sheria zake na taratibu zake za kulipa fidia. Kwa ngitili, kishindo kikubwa zaidi kimetoka kwa wachimbaji wadogo, na sisemi hivyo kwa kuwalaumu, maana wengi wao ni watoto wa wakulima wetu hao hao. Mduara mmoja, yaani shimo la mchimbaji mdogo, unahitaji matimba ya kushikilia kuta kila unaposhuka, na matimba hayo ni miti iliyonyooka ya unene wa paja, ile ile ambayo mwenye ngitili amekuwa akiiacha kwa miaka kumi. Ongeza mkaa na kuni za mama lishe wanaolisha mamia ya watu kwenye kambi iliyozaliwa wiki iliyopita. Bei inapanda kwa siku chache. Mzee aliyelinda ngitili yake kwa ajili ya ng'ombe anajikuta na mnunuzi mlangoni mwenye fedha taslimu, na kijana wake mwenyewe ndiye aliyemleta.

Bukombe na Mbogwe, ambazo ziko Geita tangu 2012, ziliurithi ugumu huo wote. Ni nchi ya HASHI kwa historia, ni nchi ya dhahabu kwa uchumi, na faili zake za maliasili zilihamishwa kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine. Afisa ugani wa huko hawezi kusimama kijijini na kusema "msiuze". Anachoweza kufanya ni kukaa na mwenye ngitili wapige hesabu: akiuza matimba kwa mzunguko, sehemu moja kwa mwaka, huku visiki vikichipua, dhahabu inaweza kuwa soko lake la kudumu; akifyeka zote kwa mkupuo, atapata fedha ya pikipiki na kiangazi kinachofuata atanunua malisho. Shamba la miti la mzunguko lililojaribiwa Lubaga linafaa hapa kuliko popote, na kwa maoni yangu ndiyo kazi ya ugani iliyochelewa zaidi katika ukanda huu.

Kazi nyingine ya mwaka huu ni ya mipaka. Ngitili nyingi za kaya zinatambuliwa na majirani lakini hazimo kwenye karatasi yoyote. Mwenye nayo akifariki, watoto wanagawana vipande; mgeni akija na fedha, kipande kinauzwa bila dagashida kujua. Sheria ya 1999 inatoa hati ya hakimiliki ya kimila, na vijiji vyenye mpango wa matumizi ya ardhi vinaweza kuitenga ngitili kama matumizi yanayotambulika. Fomu ya maombi inaruhusu jina la zaidi ya mtu mmoja. Kwa desturi ngitili huandikwa ya baba, wakati anayekata majani humo, anayeokota kuni na anayejua kila mti wa dawa ni mama; afisa anayekaa na kaya wakati wa kujaza fomu ndiye wa kulitaja hilo, kabla dole gumba halijawekwa.